Pembe Iko Kazini

Mbinga,
3 Juni 2024

Mama Lukresia,
Kihagara.

Shikamoo Mama.

Hunijui, na kwa hilo naomba radhi mapema. Jina langu ni Ambokile, kwetu ni Tukuyu, ila serikali imenileta Mbinga na huu ni mwaka wa nne. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya hospitali vinapoharibika: mizani, mashine za presha, taa za chumba cha upasuaji. Mwalimu Kilian ndiye aliyenieleza kwamba ile zahanati ndogo ya ufukweni ilipofungwa, vifaa vyake vya zamani vilibaki mikononi mwako, na kwamba umevitunza hata kutu haijavigusa.

Ombi langu ni hili. Nje ya saa za kazi najitolea kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, yaani kitabu kikubwa cha maarifa ambacho mtu yeyote mwenye simu anakisoma bure. Kwenye kurasa za vifaa vya tiba, picha nyingi zinatoka Ulaya, tena ni za upande mmoja tu. Mimi nataka kutengeneza picha zinazozunguka. Kifaa kinawekwa juu ya kisahani, kinageuzwa kidogo kidogo, na kila kikigeuzwa kinapigwa picha mpaka kimalize duara. Baadaye picha zote zinaunganishwa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyeko Kigoma atakigeuza kwa kidole kwenye simu yake, aone mbele na nyuma kana kwamba amekishika.

Nimeambiwa unayo makoleo ya kuzalishia, sindano za kioo, na pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Sitaondoka na chochote. Nitapiga picha mbele ya macho yako, kisha nirudi zangu.

Nilipiga simu kwa namba niliyopewa. Alipokea mjukuu wako Rosemary, akasema bibi haongei na simu, niandike. Basi nimeandika, na barua nampa Bernadi, konda wa basi la ziwani.

Wako mtiifu,
Ambokile


Kihagara,
11 Juni 2024

Bwana Ambokile,

Marahaba. Mimi ni mzima. Wewe sikujui, hapo umesema kweli, na Kilian ninayemjua mimi hajawahi kukaa na neno kifuani hata siku moja.

Barua yako nimeisoma mara mbili na haijanikaa. Nimezaliwa Mkumbi, nikaolewa huku ziwani, na kote kuwili nimeona watu wakizunguka mbuzi. Anayemzunguka mbuzi, akamtazama meno na mkia, ni mnunuzi. Anayetaka picha ya mbuzi husimama mbele yake, akapiga, akaenda. Sasa wewe unataka kuona makoleo yangu mbele, nyuma na ubavuni, halafu unaniambia hununui. Na hao wenye kitabu kisicho na bei, wenyewe wanakula nini?

Alikuja hapa bwana mmoja mwenye kofia, akasema anafanya utafiti. Alipoondoka, mizani ya watoto, ile ya shaba, iliondoka naye. Kwa hiyo usinilaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ukitaka kuja, uje na barua ya mtendaji wa kata yenye muhuri. Uje mchana. Picha utapigia uani, si ndani. Kila kifaa nitakuletea mwenyewe, na nitakirudisha ndani kabla sijaleta kingine. Na pembe usiitaje tena. Makoleo yamestaafu kama mimi, lakini pembe iko kazini. Wanawake wa hapa bado wananijia. Nawasikiliza watoto wao, nawaambia kama mambo ni mazuri au waende hospitali. Kifaa kilicho kazini hakiwekwi juu ya sahani kuchezewa.

Na habari ya simu usijaribu tena. Neno la simu halina sahihi. Mtu akitaka kunidanganya, anidanganye kwa mwandiko wake.

Lukresia, mkunga


Mbinga,
24 Juni 2024
(kwa barua pepe)

Dorah,

Nimerudi kutoka ziwani, mgongo unauma. Makoleo tumepata, sindano tumepata, na mkebe wa kuchemshia vifaa tumepata. Waambie wenzetu wa kamusi elezo huko Songea kwamba kile kizungushio nilikiazima kwa mama anayepamba keki za harusi, na jua nililipunguza kwa chandarua nilichokitandaza juu ya miti minne. Chuma kimetoka vizuri, hakina mng'ao wa kuumiza macho.

Ila bibi mwenyewe ananitia wasiwasi. Aliketi mbele yangu tangu nifike mpaka naondoka. Nikiongea ananikazia macho mdomoni, kana kwamba anasubiri uongo utoke. Nikimuuliza, anajibu analotaka yeye. Nilimuuliza ni nani aliyechonga ile pembe, akanieleza habari za mihogo kuoza mwaka jana. Nikarudia, akanyanyuka akaenda kuleta sindano. Mambo mengine anayajibu vizuri kabisa, tena kwa maneno makali. Ikifika kwenye pembe tu, anapotea.

Anasema pembe iko kazini. Nimekaa pale mchana kutwa, sikuona mwanamke hata mmoja akija, isipokuwa huyo mjukuu wake Rosemary, ambaye mwenyewe ana mimba kubwa. Mumewe, Hamphrey, anaendesha lori la makaa ya mawe, wiki nyingi hayupo. Binti ni mkarimu, alinipa ugali wa muhogo na samaki. Bibi alimtuma nje kila aliponisogelea kuongea.

Anaficha kitu, Dorah. Sijui ni nini.

Ambokile


Songea,
25 Juni 2024

Ambo,

Sijui ni nini, sijui ni nini! Mimi najua. Pembe ya mti ya kuchongwa huku huku kwetu si kitu cha kuokota. Wako watu wanazitafuta kuziweka sebuleni. Bibi yako ana mteja. Picha yetu ikishatoka, ikionyesha kila mkwaruzo na kila kovu la ule mti, hataweza kuiuza kimya kimya, kwa sababu dunia nzima itajua ilikuwa ya nani. Ndiyo maana makoleo ruksa, pembe hapana.

Na hiyo habari iliyo kwenye barua yake uliyonitumia, ya bwana mwenye kofia aliyeiba mizani, wewe ulimwona? Njia ya mwongo ni fupi.

Ukurasa wa vifaa vya ukunga unaisubiri hiyo pembe. Rudi. Mjukuu ana moyo mwepesi kuliko bibi.

Dorah


Kihagara,
15 Julai 2024

Ambokile,

Leo sikuiti Bwana.

Wiki iliyopita nilikwenda shamba la muhogo, nikarudi, nikafungua kabati. Pembe yangu huwa naifunga kwa kipande cha kanga, fundo linakaa upande wa mdomo mpana. Nilikuta fundo liko upande wa sikio. Nikamwita Rosemary. Rosemary hajui kusema uongo, anatokwa jasho puani. Akaniambia yule kaka wa Mbinga alikuja, akaomba kidogo tu, akaiweka kwenye kisahani chake, akaizungusha imesimama, akaizungusha imelala, akasema asante, akaenda.

Kumbe ndivyo mlivyo. Barua yenye muhuri nilikuomba, ukaileta, nikadhani nimepata mtu. Ulipokuja mara ya kwanza ulikaa kwa adabu, na mimi nikaanza kujilaumu kwamba nimekushuku bure. Mara ya pili ukangoja mwenye nyumba aende shambani. Yule wa kofia alikuwa afadhali, maana yeye aliniibia nikiwa nipo.

Rosemary nimemgombeza mpaka amelia, na hali aliyo nayo si ya kulizwa. Hilo nalo liko juu yako.

Picha ulizopiga zichome moto, au zizamishe, au mnavyofanya huko kwenye mtandao wenu. Usiniandikie ila kuniambia umeshafanya hivyo.

Lukresia


Mbinga,
18 Julai 2024
(kwa barua pepe)

Dorah,

Nilikuambia pembe imepatikana. Sikukuambia ilivyopatikana. Bibi hakuwepo, na mimi nilijua hayupo, kwa sababu nilimpigia Rosemary kwanza nikamuuliza. Sasa nimepata barua yake na naona aibu. Nilitaka kuzifuta picha jana. Kabla sijazifuta nikazifungua mara ya mwisho, nikubali tu mwenyewe ninachopoteza.

Siku ile nilipiga kwa haraka, jicho moja kwenye kamera na jingine njiani. Kwenye kompyuta ndipo nilipoona. Mzunguko wa kwanza, pembe imesimama, ni nzuri sana. Mzunguko wa pili, imelala, tundu la katikati linapita mbele ya kamera. Pale unapaswa kuona mwanga upande wa pili. Hakuna mwanga. Nimeikuza picha. Ndani kuna nyumba ya nyigu, yule anayejenga kwa udongo, imeziba tundu lote.

Siku ile ile Rosemary aliniambia, kwa furaha kabisa, kwamba bibi alimsikiliza Jumapili na kusema moyo wa mtoto unakwenda vizuri. Aliniambia tangu mimba ya miezi mitano hajarudi kliniki, kwani bibi yupo.

Kwenye pembe iliyozibwa hakuna kinachosikika. Bibi alisikia nini?

Ambokile


Songea,
19 Julai 2024

Ambo,

Basi nilikosea, si mwuzaji, ni mbaya kuliko mwuzaji. Pembe haiko kazini wala nini. Anajifanya, ili aendelee kuitwa mkunga.

Nenda kwa mganga mkuu wa wilaya yao, mpelekee picha. Halafu mpigie huyo binti sasa hivi. Usianze kuleta huruma zako za Kinyakyusa.

Dorah


Mbinga,
21 Julai 2024

Shikamoo Mama.

Umesema nisikuandikie ila kukuambia kwamba picha nimezifuta. Sijazifuta, na nakuandikia hivyo hivyo. Ukimaliza kusoma, unitukane.

Kwanza kosa langu. Nilikuja nikijua uko shambani. Mwenzangu tunayefanya naye kazi hii alinishauri, lakini miguu iliyokuja ni yangu. Nilikushuku kwamba unataka kuuza pembe, nikajipa ruhusa kwa sababu hiyo. Rosemary hana hatia. Naomba unisamehe, na kama husamehi ni haki yako.

Sasa la pili, na hili ni zito zaidi. Picha inayozunguka inaonyesha kila upande, hata ule usioutafuta. Ndani ya pembe yako kuna udongo wa nyigu umeziba tundu lote. Ni mkavu, wa siku nyingi.

Mimi si mkunga. Natengeneza mashine. Lakini kifaa kikiziba, hata mtu awe bingwa namna gani hakisemi kitu. Rosemary aliniambia ulimsikiliza Jumapili ukamwambia moyo unakwenda vizuri. Mama, ulisikia nini?

Nimekuuliza wewe, sijamwuliza mtu mwingine. Nimeambiwa niende kwa wakubwa nimekataa. Nimeambiwa nimpigie Rosemary, nalo sijalifanya bado, kwa sababu naona hili ni neno lako la kumwambia. Ila mtoto huyo hawezi kutusubiri sisi tumalize kushukiana.

Ambokile


Kihagara,
27 Julai 2024

Ambokile,

Nimeitazama pembe. Udongo upo. Na aliyeutia ni wewe.

Kabla hujaishika, pembe ilikuwa safi. Wewe ndiye uliyekaa nayo uani bila mimi. Sasa nimeujua mpango wenu. Kwanza mnazungusha kifaa cha mtu, pili mnakiharibu, tatu mnaandika kwenye kitabu chenu kwamba wakunga wa Ruvuma ni waongo, ili hizo mashine mnazozitengeneza ninyi zipate kazi. Nimeona watu wa serikali wakija huku tangu sijaota mvi. Huanza kwa shikamoo.

Nimezalisha wanawake wa pwani hii na binti zao. Celestina jirani yangu nilimpokea mimi, na watoto wake nikawapokea mimi. Muulize yeyote kama masikio ya Lukresia yaliwahi kumdanganya.

Rosemary ni mzima. Mtoto anacheza. Mwache mjukuu wangu.

Lukresia


Mbinga,
30 Julai 2024

Shikamoo Mama.

Ndani ya bahasha hii nimetia picha mbili. Nimezisafisha kwenye studio ya hapa mjini kwenye karatasi nzuri, ili usiseme ni mambo ya simu.

Itazame ile ya kwanza. Kwenye ule udongo kuna kitundu kidogo cha duara, ukingo wake umelika. Pale ndipo mtoto wa nyigu alipotokea alipokomaa. Mama, nyigu hawezi kujenga, kutaga, kulea na kuhama katika muda niliokaa uani kwako. Ya pili inaonyesha upande wa sikio. Tazama utando wa buibui. Sikio la mtu likiwekwa pale, utando haubaki.

Kwa hiyo hukuweka hata sikio sawasawa.

Sikuandikii kukushinda. Nimefikiri usiku na mchana kwa nini mkunga aliyeaminiwa na pwani nzima ajifanye anasikiliza, na sipati jibu, maana kila jibu ninalolipata halifanani na mwanamke niliyemwona uani. Nilikudhania mwuzaji, nikakosea. Sasa sitaki kukudhania tena. Niambie.

Lakini Rosemary hatabaki nyumbani kwa neno ambalo mimi na wewe tunajua halina kitu ndani. Nangoja mpaka Jumapili. Ukiwa hujamwambia, nitampigia mwenyewe, na baada ya hapo unishitaki popote.

Ambokile


Mbinga,
5 Agosti 2024
(kwa barua pepe)

Dorah,

Nimempigia Rosemary tangu jana asubuhi. Simu haipatikani. Nimempigia mtendaji, anasema nyumba ya bibi imefungwa kwa kufuli na jirani naye hayupo. Hakuna anayejua wameelekea wapi.

Ulisema nisilete huruma. Niliileta, nikampa bibi wiki mbili nzima, na sasa naona nilimpa muda ambao ulikuwa wa mtoto. Nimeomba ruhusa kazini. Bernadi akirudi na basi kesho kutwa, naondoka naye.

Ambokile


Liuli,
6 Agosti 2024

Mwanangu Ambokile,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, kalamu nimeazima kwa muuguzi. Bernadi nimemwona hapa akishusha mizigo, ananisubiri kwa hasira.

Mimi ni kiziwi.

Hilo neno nimeliandika sasa hivi kwa mara ya kwanza, na hakuna kilichoanguka. Masikio yalianza mwaka juzi masika. Yalivuma kama mashine ya kusaga, halafu mashine ikazimwa, na kila kitu kingine kikazimwa nayo. Nikajifunza kusoma midomo. Ulipokuja na hizo ndevu zako zilizofunika mdomo nilitaka kulia. Uliniuliza kitu, nikaona kama unasema mihogo, nikakujibu mihogo. Na habari ya simu kutokuwa na sahihi niliitunga mimi, nikaipenda mwenyewe.

Uliniuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu. Nilikuwa naweka pembe tumboni, nainama karibu tu, nakaa kimya kadiri ninavyokaa siku zote. Kiganja kiko ubavuni mwa mama. Mtoto akicheza, nasema moyo unakwenda vizuri, na mara nyingi ni kweli. Sijampoteza mtoto hata mmoja tangu nizibwe masikio. Sijisifu. Wanawake tunawaambia mficha uchi hazai, tunawavua nguo bila huruma, na mimi wangu nikaufunika kwa kanga na fundo. Niliona kwamba mkunga asiyesikia ni bibi kizee wa kawaida tu, wa kuletewa uji. Niliogopa hivyo kuliko nilivyomwogopea mjukuu wangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Barua yako ya kwanza ya habari za udongo niliipinga kwa sababu ilikuwa kweli. Ya pili, yenye picha, ilifika Ijumaa. Nilimwita Rosemary jikoni nikampa picha. Akatazama. Nikamwambia. Alilia, kisha akanipa mgongo akaanza kuongea, anaongea tu, mabega yanatikisika, akijua wazi kwamba mgongo siwezi kuusoma. Nilistahili.

Jumamosi asubuhi uchungu ukamshika, kabla ya wakati. Celestina akaja mbio. Udongo niliutoa kwa kijiti na maji ya moto, nikautazama ukidondoka. Halafu nikampa Celestina pembe. Nikamwonyesha pa kuiweka, nikamwambia aweke sikio na asiongee, ila kila akisikia pigo moja anigonge kwa kidole kiganjani. Kwa mkono wangu wa kushoto niliushika mkono wa Rosemary, pale kwenye mshipa.

Akaanza kunigonga. Mapigo yake yalilingana na ya mshipa. Nikajua anamsikia mama, hamsikii mtoto. Nikaisogeza pembe chini kidogo. Akatulia, macho yakamtoka, kidole kikaanza kwenda mbio, mbio sana. Ambokile, nilimpata pale kiganjani. Tangu nizibwe masikio sijawahi kukutana na mtoto hivyo, na machozi yalinitoka nikiwa bado nahesabu.

Uchungu ulipokuja, kidole kikapunguza mwendo. Hilo hutokea. Uchungu ulipokwisha, kidole kilipaswa kurudi mbio. Hakikurudi. Nikangoja uchungu wa pili, kikapungua zaidi, na Celestina akaniangalia akidhani amekosea. Hakukosea. Nikasimama nikasema twende hospitali, na Rosemary, ambaye alikuwa hajanitazama usoni tangu jana yake, akanitazama akaona sidanganyi. Erasmo, mvuvi wa pale kwetu, alituleta kwa boti yake ya injini, hakuna aliyekumbuka simu wala nguo za mtoto.

Hapa walimpima na mashine, wakamwingiza chumba cha upasuaji papo hapo. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba tungechelewa kidogo tu isingekuwa hivi. Ni msichana. Wanasema alilia sana. Mimi niliuona mdomo wake ukifunguka.

Rosemary anaendelea vizuri. Kunisamehe bado. Anaongea nami sasa uso kwa uso, ila mpaka leo ni kuniambia sogeza maji, leta kanga, ondoka kwenye mwanga. Nasogeza. Hamphrey amefika jana na lori lake kubwa, ameliegesha pale nje watu wote wanalishangaa.

Sasa mambo ya kitabu chenu. Picha zile zifute, si kwa sababu ya hasira. Pembe ile si hii tena, imezibuka, mwanga unapita. Njoo uizungushe upya, na safari hii niwepo. Mkiandika chini yake, andikeni kwamba inatumiwa na wanawake wawili, mmoja anasikiliza na mwingine anahesabu. Wakicheka huko Ulaya, wacheke. Na huyo mwenzako aliyekushauri uje nikiwa shambani, simwamini bado, mwambie hivyo.

Tukirudi Kihagara nitakuwa nyumbani. Nyoa ndevu. Ukifika usipige hodi, sitaisikia. Ingia tu.

Mama yako,
Lukresia